Kipande cha chuma kwenye jino la mama wa dagaa

Alikuwa hawezi kuongea, mdomo wazi, pamba kila kona na kile kimpira cha kunyonya mate kinakoroma shavuni, ila macho yake yaliniuliza kabisa: dokta mbona umenyamaza? Mana mimi nikiwa kazini naongea sana, mgonjwa akishakaa kwenye kiti namsimulia Simba na Yanga, bei ya sato, foleni ya Igoma hapa Mwanza, chochote tu ili mawazo yake yasiwe kwenye mashine. Sasa ghafla kimya. Nimechomoa faili nikaliangalia kwenye mwanga, fupi. Nikaliangalia tena kama vile litarefuka.

Kwa wasiojua, faili hapa sio la makaratasi. Ni kichuma chembamba kama sindano ya kushonea, kina mikunjo mikunjo, ndo tunachosugulia ndani ya mzizi wa jino. Na kazi yenyewe wengi mnaijua kama ruti kanali, mama yangu mzazi nilipomwambia ndo nasomea hiyo aliuliza kanali wa jeshi gani. Jino katikati lina uwazi, humo ndani kuna neva na mishipa ya damu, sasa kuoza kukishafika huko ndo yale maumivu ya saa nane usiku unazunguka chumbani umeshika shavu unamtukana kila mtu. Tunatoboa kwa juu, tunaitoa ile nyama ya ndani, tunasafisha njia mpaka karibu na ncha ya mzizi, tunajaza gutapacha, ambayo ni kitu kama mpira kinachotokana na utomvu wa miti ya huko Asia, na jino linabaki kwako badala ya kuishia kwenye ndoo. Kuelezea ni rahisi ivo. Shida hizo njia hazijanyooka, zimepinda kama vichochoro vya kupandia Mabatini kwenye mawe, na wewe huzioni, unaenda kwa vidole na picha ya eksirei.

Huyu mama anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Jino la sita ukihesabu toka katikati, chini kushoto. Hilo jino kwa kawaida lina njia tatu, kuna wenye nne, na zile mbili za mzizi wa mbele ndo zenye ukorofi wa kupinda. Ilikuwa Ijumaa mchana, benchi limejaa, umeme umeshakatika mara mbili, jenereta linakohoa kama mzee mvuta sigara. Nimeshapita namba 10, nimepita 15, nikatakiwa nishike 20. Ile 20 nilikuwa nimeitupa asubuhi mana ilishapinda, boksi jingine liko stoo, sista yuko nje anahangaika na jenereta. Hatua kumi na mbili kufika stoo, nimeshawahi kuzihesabu baadae. Nikaruka, nikashika 25.

Zile namba sio pambo. Namba 10 maana yake ncha ina unene wa milimita 0.10, 15 ni 0.15, ivo ivo kwenda juu, na rangi zake, zambarau, nyeupe, njano, nyekundu. Ukitoka 10 kwenda 15 umeshaongeza nusu nzima ya unene, ndo mana pale panakuwa pagumu kuliko kote, sa mtu unaruka namba kwenye mzizi uliopinda halafu unazungusha kwa nguvu mana inagoma. Ikishika, mkono unaendelea kuzunguka na ncha imeganda, chuma kinakatika. Tena lile faili lilishatumika kwa wengine kabla. Wangapi? Sikumbuki, na hapo ndo lilipo kosa lenyewe. Tunayasafisha, tunayaingiza kwenye otokleivu, ile mashine ya mvuke wa moto, vijidudu vinakufa sawa, ila uchovu wa chuma hauoshwi.

Kama milimita tatu zilibaki kule chini kwenye kona.

Mkasa wenyewe sio huo lakini, faili kukatika humtokea yeyote anayefanya hii kazi muda mrefu, anayekwambia hajawahi aidha kaanza juzi au anakudanganya. Mkasa ni nilichofanya baada ya hapo. Nikaweka dawa, nikaziba kwa muda, nikavua glovu, nikamwambia "mama hatua ya kwanza tumemaliza, njoo baada ya wiki mbili". Akaniambia wabeja sana, asante ya Kisukuma, akalipa, akaondoka. Sikudanganya neno hata moja na nilikuwa nimedanganya kila kitu.

Zile siku sikulala vizuri. Nilikuwa napita Kirumba nazunguka njia ya nyuma nisije nikakutana nae na mabeseni yake. Siku ya kumi nikampigia mwalimu wangu wa zamani, nikaanza kumwelezea kitaalamu kabisa, mzizi gani, namba gani, kona ya nyuzi ngapi, akanikata katikati: "Umemwambia?" Nikasema bado. Akanyamaza, nikasikia anakunywa chai. "Basi mwambie kwanza, ndo tuongee habari ya mzizi."

Alivyokuja nikamkalisha kwenye kiti cha kawaida, sio kile cha kulala, mana mtu akiwa amelala mdomo wazi hawezi hata kukujibu. Nikamchorea jino nyuma ya karatasi ya risiti, nikamwonyesha picha, kile kistari cheupe. Nikamwambia mama hiki ni kipande cha kifaa changu kilikatikia humu siku ile, nilitakiwa nikwambie palepale sikukwambia, samahani. Tuna njia tatu, naweza kujaribu kupita pembeni yake, au nikuandikie barua uende hospitali kubwa kwa bingwa mwenye darubini, au jino ling'olewe, na ukinichagua mimi hulipi tena.

Aliangalia ile picha muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, sisi tunanunua sangara ana ndoano ya zamani mdomoni, ndoano imeshapata kutu na samaki kanona. Hiki chuma sikiogopi." Nikaanza kupumua. Akaongeza, "Ila siku ile niliona umenyamaza. Wiki mbili nzima nimejua kuna kitu unanificha, nikawa nawaza labda ni kansa."

Hiyo kansa ndo ilinimaliza. Mimi nilidhani namficha ili asiogope, kumbe kajitungia ugonjwa mkubwa mara mia kuliko kakipande kangu.

Na kitaalamu kesi yake ilikuwa na bahati, niwaambie kwanini mana watu wakisikia chuma kimebaki wanadhani kitatembea mpaka kwenye ubongo. Hakitembei. Chuma chenyewe sio sumu na sio uchafu, tatizo ni vijidudu vinavyobaki nyuma yake mahali ambapo huwezi tena kufika kusafisha. Neva yake siku ile ilikuwa imevimba lakini bado hai, hakukuwa na usaha kule chini, maana yake ile njia haikuwa imeoza yote. Ingekuwa jino lililokufa lenye jipu kwenye ncha halafu faili likatike mapema kabla ya kusafisha, hapo ni habari nyingine. Pili zile njia mbili za mzizi wa mbele mara nyingi hukutana karibu na mwisho, ukisafisha jirani yake vizuri unakuwa umeisaidia na ile iliyozibwa. Nikachukua namba 8, nikakunja ncha yake kidogo sana, nikawa napapasa pembeni ya kile kipande bila kulazimisha, kama dakika arobaini, jasho mpaka kwenye soksi, ikapenya. Namba 10 ikafuata. Sikukitoa, nilikipita, kikabaki humo kimezungukwa na gutapacha. Baada ya mwezi nikamwekea kofia juu, ile ya kulifunika jino lisipasuke.

Toka hapo faili kwangu lina daftari. Kila boksi lina alama za kalamu, limetumika mara ngapi na kwenye jino la namna gani, faili lililopita kwenye jino lenye kona kali nalitupa siku hiyohiyo hata kama linaonekana zima, na kabla halijaingia mdomoni naliangalia kwenye mwanga, mikunjo ikishaanza kufunguka au kuna sehemu inang'aa kuliko kwingine hilo ni la kutupa. Mwenye kliniki alilalamika gharama. Nikamwambia njoo wewe siku ikikatika umwangalie mgonjwa machoni. Siruki namba, ikigoma narudi nyuma namba moja, namwaga dawa, naanza upya.

Habari ya dawa sasa. Tunayooshea ndani ya mzizi inaitwa haipokloraiti, ni ukoo mmoja na jiki ya kufulia mashati meupe. Inaua vijidudu, inayeyusha nyama iliyokufa, hakuna mfano wake. Lakini haichagui, nyama hai nayo inaiunguza ikiifikia. Kijana mmoja wa bodaboda, jino la juu la mbele kidogo, nilikuwa namwoshea, sindano ikabana kwenye mzizi sikugundua, nikasukuma kwa dole gumba. Aliruka kwenye kiti. Pamoja na ganzi aliruka! Damu ikaanza kutoka kwenye jino, na shavu nikaliona kwa macho yangu linapanda, dakika tano jicho limefunga nusu.

Hapo mwili wako wote unataka ukimbie. Nilichofanya, niliacha kila kitu, nikaacha ile damu itoke mana inatoka na dawa, usizibe, nikaosha na maji ya chumvi ya drip taratibu, nikaongeza ganzi ya maumivu, na safari hii nikaongea: nikamwambia mdogo wangu dawa imepita chini ya mzizi, utavimba sana, utakuwa mweusi, itatisha kuangalia lakini itaisha, na mimi niko hapa. Sista akakimbia nje kwa muuza maji baridi akarudi na barafu kwenye mfuko, tukamkanda kwa vipindi. Siku ya kwanza ni baridi, kesho yake unahamia kwenye vuguvugu. Nikamwangalia lisaa lizima kama anapumua na kumeza vizuri, mana uvimbe ukishuka shingoni au mtu akianza kushindwa kumeza hapo sio pa kukaa nae kliniki, ni hospitali mbio. Nikampigia daktari wa hospitali kubwa nikamweleza, tukakubaliana dawa za kutumia. Nikawa nampigia yule kijana asubuhi na jioni. Weusi ulishuka mpaka shingoni, ukawa kijani, ukawa njano, wiki mbili na kitu. Anasema abiria walikuwa wakimwona wanaghairi kupanda wanadhani ni kibaka kala kichapo.

Kosa lilikuwa dole gumba. Dole gumba lina nguvu nyingi, unasukuma kwa kidole cha shahada, polepole, sindano iwe ile nyembamba yenye tundu pembeni sio nchani, uweke alama isifike mwisho wa mzizi, ibaki kama milimita mbili hivi juu, na isitulie, iwe inapanda inashuka, ikibana tu unarudi. Na urefu wa mzizi uwe umeupima kweli, kwa picha na kale kamashine kanakolia tii tii ukikaribia ncha, sio unakisia. Jingine ambalo niliwahi kuliona kwa mwenzangu, usije ukamwaga haipokloraiti halafu palepale klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, vikikutana vinatengeneza uji wa rangi ya kahawia unaziba vinjia, unaosha kwanza na maji ya chumvi katikati.

Na raba. Lile shuka la mpira tunalotoboa tundu jino likachungulia peke yake. Mmarekani mmoja, Sanford Barnum, alilianzisha mwaka 1864, watu walikuwa bado wanasafiri kwa farasi, na mpaka leo kuna wenzangu hawalitumii wanasema linachelewesha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Bila hiyo raba faili likiponyoka linaenda kooni, na likienda kooni unaomba Mungu liwe limeelekea tumboni na sio kwenye mapafu, unampeleka mtu eksirei ya kifua na tumbo huku unatetemeka. Mate nayo yanaingia kwenye mzizi uliotoka kuusafisha sasa hivi. Wagonjwa wa mwanzo waligoma, bibi mmoja alisema namfunika kama maiti. Nikajifunza kuwaambia mapema wapumue puani, na wakitaka kitu wainue mkono wa kushoto. Ni hilo tu, mtu akijua anaweza kusimamisha kazi kwa mkono anatulia.

Kuna mwalimu wa sekondari alinihangaisha miezi minne. Jino la sita la juu, nimetibu njia tatu, picha nzuri ya kuweka ukutani, jamaa bado akinywa maji ya baridi anaruka. Nikaanza kumshuku yeye, mara meno ya jirani, mara mawazo. Kumbe jino lile mara nyingi sana lina njia ya nne imejificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu, zaidi ya nusu ya watu wanayo, nyembamba kama unywele, na mimi sikuitafuta. Nilivyofungua tena na mwanga mzuri ilikuwepo, inanisubiri.

Maumivu baada ya matibabu nayo yanagombanisha sana watu. Siku mbili tatu jino kuuma ukitafuna ni kawaida, wengine wachache linalipuka kabisa kwa uvimbe usiku wa kwanza. Nisipomwambia mapema anasema daktari kaniharibu, anapita duka la dawa ananunua amoksilini nusu dozi. Sikilizeni, antibayotiki haitibu neva iliyovimba ndani ya jino, maana damu ya kuifikisha humo ndo imekatika au inakaribia, inafaa kama kuna homa au uvimbe unasambaa. Kinachotuliza ni ibuprofeni na parasetamo kwa asiye na vidonda vya tumbo wala figo, na kurudi kwangu nifungue nisafishe, au mara nyingine jino limezibwa juu sana linagonga la chini, nasaga kidogo mtu anaamka mzima. Namba yangu ya simu siku hizi naandika kwa mkono wangu kwenye kadi yake.

Lakini kama ungeniuliza meno mengi yanafia wapi huku ziwani, nisingesema kwenye faili wala dawa. Yanafia kwenye kutorudi. Siku ya kwanza unatoa neva, maumivu yanaisha, mtu analala usingizi wa kwanza baada ya wiki, anajiona kapona. Kile cha kuzibia kwa muda kazi yake ni wiki mbili tatu. Anapanda boti anaenda visiwani, Ukara au Kome, miezi mitano, anatafunia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na miwa, kiraka kinatoka, mate yanaingia, jino lisilo na kofia linapasuka katikati mpaka kwenye mzizi, anarudi nakuta la kung'oa tu. Nilikuwa nawafokea. Mpaka kijana mmoja mvuvi akanijibu kwa heshima kabisa: "Dokta, tarehe ulizonipa zote zilikuwa giza."

Sikuelewa. Akanielewesha kwamba dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi, taa ndo inawaita. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wanakaa wanashona nyavu, wanaenda mjini. Mimi namwandikia "baada ya siku 14" kama vile yupo ofisi ya serikali, na siku 14 toka mbalamwezi ni katikati ya giza, ndo wakati wa hela. Asingekuja hata kwa pingu. Nilikuwa nawapa miadi ya kukosa kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku hizi mvuvi wa dagaa nikiona hawezi kurudi karibuni najitahidi kumaliza kwa kikao kimoja kama jino halina usaha, au naziba na kitu kigumu zaidi cha kuvumilia mpaka mwezi ujao.

Mwaka jana yule mama wa Mwaloni alikuja kwenye picha yake ya kila mwaka, jino zima, kistari kipo palepale, kule chini mfupa msafi. Safari hii alikuja na kaka yake katoka Ukerewe, shavu limevimba, mtu mzima mwenye mikono kama makasia, anaogopa sindano kuliko mawimbi. Mama akamsukuma kwenye kiti akamwambia, "Huyu alinivunjia chuma, lakini akisema kitu ujue ndo hicho." Sijui kama ile ni sifa. Nikafungua, nikatoa usaha, nikaweka dawa, maana la namna ile huwezi kulimaliza siku moja. Nikafungua kalenda kwenye simu.

"Mwezi utakuwa mkubwa lini?" nikamuuliza kaka. Akacheka na ganzi yake mdomo umeenda upande, akainua vidole kuhesabu, hakuangalia simu yangu hata kidogo. Tukaandika hiyo.